Dondoo muhimu: Balbu yenye mwanga zaidi kwa pikipiki
Kabla hujatoa pesa kununua balbu kali, pitia haya.

1. Osha kioo cha taa na kagua kutu kwenye waya wa athi. Mara nyingi balbu inasingiziwa tu.
2. Nenda dukani na balbu ya zamani. Kitakoni utasoma volti na wati. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia 12V 35/35W.
3. Usirukie 60/55W ya gari. Holda huyeyuka, kiakisi cha plastiki hubabuka, na betri haijai.
4. Washa taa, piga resi. Mwanga ukipanda na kushuka, taa haitumii umeme wa betri. LED nyingi hapo zitapepesa au kuungua. Muone fundi umeme kwanza.
5. Achana na balbu ya bluu: dukani inapendeza, kwenye mvua na vumbi ni hasara.
6. Usishike kioo cha halojeni kwa vidole vitupu.
7. Ukishafunga, elekeza pikipiki ukutani, abiria akiwa amepanda, maana uzito wa nyuma huinua mwanga. Taa ya chini isimulike juu ya usawa wa taa yenyewe.