Kwa Nini Seva Huganda Kazi Izidipo

Hutokea seva ya chuo ikafanya kazi vyema asubuhi nzima, kisha ikakwama ghafla watumiaji wanapoongezeka. Taa za diski huacha kumetameta na kompyuta haijibu amri yoyote. Baada ya dakika moja au zaidi kazi huendelea kana kwamba hapakuwa na tatizo, au mtambo huzimika kabisa. Fundi asiye na subira huchomoa diski anayoishuku na kuweka nyingine. Tendo hilo laweza kupoteza matokeo ya mitihani ya miaka mingi. Ni kheri kwanza ieleweke ni nini kinachokwama.

1. Safu ya diski na kidhibiti chake

Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyoonyesha kwamba diski nyingi za bei nafuu zaweza kuunganishwa zikatumika kama diski moja kubwa. Mpango huo huitwa RAID. Katika seva nyingi diski huunganishwa na kadi maalumu yenye prosesa na kumbukumbu yake yenyewe. Kadi hiyo ndiyo kidhibiti.

Katika aina iitwayo RAID 5, kila fungu la taarifa huambatana na biti za ulinganifu, ambazo hufanya idadi ya moja iwe shufwa. Diski tatu zikiwa na biti 1, 0 na 1, ya nne huwekwa 0. Diski ya pili ikiharibika, hubaki 1, 1 na 0. Idadi ya moja tayari ni shufwa, basi biti iliyopotea ilikuwa 0. Lakini zikipotea diski mbili, hesabu hii haiwezekani tena.

2. Uzito wa kuandika

Ulinzi huo una gharama. Ili kubadili taarifa fupi, kidhibiti husoma taarifa ya zamani na ulinganifu wake, kisha huandika taarifa mpya na ulinganifu mpya: vitendo vinne kwa kazi moja. Diski izungukayo mara 7200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Ukijumlishwa muda wa kichwa kusogea, diski hiyo hutimiza kama vitendo 100 kwa sekunde. Diski nne hutimiza kama 400, yaani maandiko mafupi 100 tu. Kwa hiyo seva kupunguza mwendo kazi izidipo ni jambo la kawaida. Kuganda si jambo la kawaida.

3. Vyanzo vya kuganda

Chanzo cha kwanza ni diski inayong'ang'ania. Ikikuta sehemu isiyosomeka, diski hurudia kuisoma. Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva kwa kawaida hukata tamaa baada ya sekunde 7 hivi na kutoa taarifa ya kosa. Diski za kompyuta za mezani zaweza kuendelea kwa dakika moja au zaidi. Wakati huo kidhibiti husubiri, na safu nzima husubiri pamoja nacho. Muda wake ukiisha, huihesabu diski hiyo kuwa imekufa, ijapokuwa ingali nzima karibu yote.

Chanzo cha pili ni joto. Prosesa ya kadi huhitaji upepo wa feni, na kadi iliyowekwa katika sanduku lisilopitisha hewa huchemka kazi izidipo. Cha tatu ni umeme: volti zikishuka diski zote zinapofanya kazi pamoja, baadhi hupoteza mawasiliano. Vingine ni waya uliolegea na kasoro katika programu ya ndani ya kadi. Aidha, betri ya kadi ikichoka, vidhibiti vingi huacha kutumia kumbukumbu yao ya muda wakati wa kuandika, na mwendo hushuka hata seva ikadhaniwa imeganda.

4. Utaratibu wa uchunguzi

Kwanza, taarifa zinakiliwe katika chombo kingine na nakala ihakikishwe kuwa yasomeka. Pili, daftari la matukio la kidhibiti lisomwe, na kila diski iandikwe namba ya nafasi yake. Tatu, kazi ileile nzito irudiwe huku kitu kimoja tu kikibadilishwa kila mara. Seva ikiganda daima ifikapo faili lilelile, diski ishukiwe. Ikiganda baada ya muda wa kazi nzito, na ikaacha feni ikielekezwa kwenye kadi, joto lishukiwe. Vikibadilishwa vitu viwili pamoja, hata mafanikio hayafundishi kitu.

Diski isichomolewe kwa kubahatisha. Ikiwa moja imekwisha kuharibika na fundi akachomoa nzima, safu ya RAID 5 huanguka. RAID huiwezesha kazi kuendelea diski moja ifapo. Haichukui nafasi ya nakala iliyohifadhiwa mahali pengine.

Maswali

1. Diski tatu zina biti 1, 1 na 1. Biti ya ulinganifu ni ipi?
2. Diski huzunguka mara 5400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde ngapi?
3. Fundi alibadilisha waya na kuongeza feni kwa wakati mmoja, na tatizo likaisha. Eleza kwa nini chanzo hakijajulikana, na pendekeza jaribio la kukibaini.