Mada Ndogo: Amri ya LATRA kwa Reli na Nguvu ya Mahakama

Mwanafunzi, ukishuka kutoka Msangeni hadi tambarare unaikuta reli ya Tanga hadi Arusha, inayopita Same, Lembeni na Kisangiro. Tuseme umepanda treni hapo, ukatozwa nauli kubwa kuliko iliyoidhinishwa. Nani atamzuia mwendeshaji?

Ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu. Mwaka 2024 LATRA ndiyo iliyotangaza nauli za treni ya SGR: shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na 31,000 hadi Dodoma, daraja la kawaida.

Watahiniwa wengi huandika kwamba "LATRA itamhukumu." Hapana! LATRA si mahakama. Ni mdhibiti: hutoa leseni, hupokea malalamiko na huamuru kosa lirekebishwe. Inaweza kufuta leseni, lakini fikiri kidogo: treni ikisimamishwa, abiria wa Same atapanda nini? Ndiyo maana amri yenyewe inahitaji nguvu.

Asiyeridhika na uamuzi wa LATRA hukata rufaa Baraza la Ushindani, lililoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mwenyekiti wake ni jaji. Shika hapa: kwa sheria hiyo, hukumu na amri za Baraza hutekelezwa kama zile za Mahakama Kuu.

Kwa nini jambo hili ni zito? Tazama Marekani. Mwaka 1887 iliundwa tume ya kudhibiti reli. Kampuni zilipopuuza amri zake, tume ndiyo iliyolazimika kwenda mahakamani, na mahakama ilisikiliza shauri upya, kwa ushahidi mpya. Miaka ilipita huku mkulima akiendelea kulipa. Sheria ya Hepburn ya mwaka 1906 iligeuza mambo: amri ikawa na nguvu yenyewe, kuikaidi ni faini ya dola 5,000, na kampuni isiyoridhika ndiyo iliyotakiwa kukimbilia mahakamani.

Swali la kujipima (alama 15)
Mwendeshaji wa treni anapinga amri ya LATRA kuhusu nauli. Eleza anapaswa kwenda wapi, na uamuzi wa huko una nguvu gani. Linganisha na Marekani kabla na baada ya mwaka 1906.