Hesabu ya Kiyoyozi Mkomani Kabla ya Kaskazi Kuanza

Kuanzia Disemba hadi Machi, msimu wa kaskazi, nyumba nyingi za Mkomani, Mombasa, hazilaliki. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana chini ya 25. Aliyekulia Lodwar, au mwenye jamaa wanaofanya kazi Dubai, hatishwi na nambari hizo. Kinachotutesa Pwani ni fukuto: jasho halikauki mwilini, shuka lina majimaji, mtoto mchanga anaota harara shingoni. Ndipo watu huingia madukani kuuliza bei ya kiyoyozi, wakadhani bei iliyobandikwa kwenye boksi ndiyo gharama yenyewe. Kumbe pesa nyingi hutoka baadaye, kidogo kidogo, kupitia mita ya stima na mkono wa fundi.

Kwanza, onyo. Utakutana na mashine ya bei nafuu iliyo kama feni kubwa yenye tangi la maji. Hiyo hupoza kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na maji hugeuka mvuke upesi penye hewa kavu. Garissa inafaa. Hapa kwetu hewa imeshajaa maji tayari, kwa hiyo mashine hiyo inaongeza unyevu chumbani na baada ya saa moja hali ni mbaya kuliko mwanzo. Usitoe pesa yako hapo.

Kiyoyozi chenyewe, cha vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, huuzwa kwa nguvu za kupoza zinazopimwa kwa BTU: 9,000, 12,000, 18,000 na 24,000. Kwa bei za miaka hii ya karibuni, cha BTU 12,000 huanzia takriban shilingi 45,000, na cha inveta chenye ubora hupanda hadi 80,000 na kupita. Chumba cha kulala cha futi 10 kwa 12 kinatosheka na BTU 9,000. Kikiwa kikubwa zaidi, au kiko ghorofa ya juu kabisa chini ya mabati au zege linalopigwa na jua kutwa, chukua 12,000. Muuzaji atakwambia uchukue kubwa ili usijute. Usikubali. Mashine iliyozidi chumba hupoza haraka ikajizima kabla haijanyonya unyevu, nawe unabaki na chumba baridi chenye uchepechepe. Kwa Mombasa, kutoa unyevu ni nusu ya kazi ya kiyoyozi.

Kabla ya kununua, simama chumbani utazame juu ya dirisha. Nyumba zetu nyingi zilijengwa zipitishe upepo: matundu ya hewa ukutani, madirisha ya luva yasiyofunga sawasawa, upenyo mpana chini ya mlango. Ulikuwa ujenzi wa busara, lakini kwa kiyoyozi kila tundu ni pesa inayotoka nje, na hewa yenye maji inaingia kuchukua nafasi yake. Ziba matundu kwa mbao au saruji, badilisha luva za chumba hicho kimoja, weka mpira chini ya mlango na pazia zito upande wa magharibi. Mashine ikishafungwa usizibe chumba ukasahau: asubuhi ukiizima, fungua madirisha hewa ibadilike. Na kama ndani ya chumba hicho mnatumia jiko la makaa, msizibe chochote, kwa sababu gesi yake yenye sumu huua mtu usingizini.

Sasa stima, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Mashine ya kawaida ya BTU 12,000 hula takriban kilowati moja na kidogo inapofanya kazi. Ikiwashwa saa nane za usiku, kwa kuwa hujizima na kujiwasha, itatumia karibu yuniti 6. Kwa mwezi ni yuniti 180. Ya inveta, ambayo hupunguza mwendo badala ya kujizima, inaweza kushuka hadi yuniti 4 kwa usiku, yaani 120 kwa mwezi. Ukipiga hesabu kwa shilingi 30 kwa yuniti pamoja na kodi na tozo, ya kwanza inakula shilingi 5,400 na ya pili 3,600. Tofauti ya 1,800 kila mwezi, kwa miezi minne ya joto, ni zaidi ya 7,000 kwa mwaka. Anayetumia kiyoyozi kila usiku atarudisha bei ya ziada ya inveta baada ya misimu michache. Wa kuwasha usiku mmoja mmoja hatairudisha, na hana haja nayo.

Lakini hesabu haiishii hapo. Katika bei zilizoanza Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa mafungu matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wa 31 hadi 100, na wanaozidi 100. Fungu lako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu, na kila fungu lina bei yake. Nyumba iliyokuwa ikitumia yuniti 80 kwa taa, friji na televisheni ikiongeza kiyoyozi inahamia fungu la juu, na yuniti zile 80 za zamani nazo zinapanda bei. Watu hulaumu tokeni kwamba "zinakimbia" bila kujua hili. Kiyoyozi kikizimwa Aprili, bei haishuki siku hiyo hiyo, inasubiri wastani ushuke.

Kwa sababu hiyo, angalia kibandiko cha nyota. Kanuni za mwaka 2016 zinataka viyoyozi viwe na alama ya matumizi ya umeme, na mamlaka ya kawi, EPRA, ndiyo inayosimamia. Nyota nyingi, stima kidogo. Halafu usiuze feni yako. Feni ya darini hula wati 50 hadi 75 tu, na ikizunguka pamoja na kiyoyozi unaweza kuweka rimoti kwenye 26 badala ya 20 ukalala vizuri.

Kufunga ni gharama nyingine, na usitafute wa bei ya chini kabisa. Mwambie fundi umeme mwenye leseni ya EPRA avute waya maalum kutoka kwenye breka, bila kuunga kwenye soketi ya friji wala eksitenshoni. Kwa BTU 12,000, waya wa milimita 2.5 za mraba kwa kawaida unatosha. Ongeza kinga ya stima, kwa maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo kompresa ndiyo huungua. Fundi wa kiyoyozi naye muulize swali moja: una pampu ya kunyonya hewa? Akisema atafukuza hewa kwa kufungulia gesi kidogo, mshukuru umtafute mwingine. Hewa yetu yenye maji ikibaki ndani ya mabomba ya shaba huila mashine polepole, na waranti haitakusaidia. Vilevile, gesi haiishi kama mafuta ya gari. Anayekuja kila mwaka kuongeza gesi bila kutafuta panapovuja anakuuzia kitu kile kile mara mbili. Na mashine kuukuu ya gesi ya R22 iache hata kama ni bei ya kutupa: gesi hiyo inaondolewa duniani chini ya Itifaki ya Montreal, na kwa nchi kama Kenya kikomo ni 2030.

Chumvi ndiyo adui wa mwisho. Nyumba za upande wa English Point, zinazotazama bahari, huona mapezi ya alumini ya mashine ya nje yakigeuka unga mweupe na breketi za chuma zikimeng'enyuka kwa kutu. Dai breketi zisizoshika kutu, na mashine yenye mapezi yaliyopakwa rangi ya kinga. Iweke penye kivuli, pasipopigwa moja kwa moja na upepo wa bahari wala kumpulizia jirani joto dirishani. Zima breka, kisha uioshe kila baada ya miezi miwili kwa maji baridi, na si ya kisima, kwa kuwa visima vyetu vingi ni vya chumvi. Maji yanayotiririka kwenye mpira wa kiyoyozi chenyewe hayana chumvi. Yakinge kwa ndoo, ndoo hujaa upesi, na yanafaa sana kwa kazi hiyo. Filta ya ndani ioshe kila baada ya wiki mbili.

Mpangaji apate idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ukuta haujatobolewa, na itaje nani atalipia waya, nani atabaki na mashine mpangaji akihama, nani ataziba tundu. Kama ploti ina mita ndogo, elewaneni pia bei ya yuniti, isije ikapangwa baada ya bili kuja.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua mwezi, nunua Julai au Agosti, wakati wa upepo wa kusi. Mafundi hawana foleni, unaweza kumsimamia mmoja hadi pampu imalize kazi yake, na unabaki na miezi ya kuziba matundu na kujaribu mashine kabla fukuto halijarudi.