KOFIA YA ASKARI WA ZAMANI NA HAKI YAKE

Katika nchi ya Marekani wako watu ambao siku za sikukuu na za maziko huvaa kofia ya buluu ya kukunjwa, isiyo na ukingo. Hiyo ni kofia ya American Legion, chama cha watu waliopata kutumika katika jeshi. Mwenye kuijua huisoma kama barua: upande wa kuume ipo alama ya chama pamoja na namba ya tawi, na upande wa kushoto jina la jimbo la mwenyewe.

Umbo la kofia hii lilitoka vitani. Askari wa Marekani walipofika Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na kofia pana zenye ukingo mgumu. Huko hapakuwa na budi kuvaa kofia ya chuma, na ile pana haikuwa na mahali pa kuwekwa. Basi wakapewa kofia laini iliyoweza kukunjwa. Mwezi wa Machi 1919 baadhi yao walikutana Paris, wakaanzisha chama chao. Na kofia ya namna ile ikawa alama yao.

Mmoja wa walioivaa alikuwa Harry S. Truman. Alikuwa mkulima wa Missouri, na mwaka 1918 aliongoza kombania ya mizinga huko Ufaransa, akiwa kapteni. Aliporudi alifungua duka la mashati na kofia katika mji wa Kansas City pamoja na rafiki yake wa jeshini. Duka likafa mwaka 1922, akabaki na madeni aliyoyalipa kwa miaka mingi. Mwaka huo huo aligombea kazi katika serikali ya wilaya yake, na askari wake wa zamani wakamsaidia kupata kura. Mwaka 1945 akawa Rais.

Umoja wa askari hao ulileta faida kubwa. Harry Colmery, aliyepata kuwa mkuu wa American Legion, aliandika kwa mkono wake mswada wa kuwasaidia askari wanaorudi, nao ukawa sheria tarehe 22 Juni 1944. Askari alilipiwa karo ya masomo, akadhaminiwa mkopo wa nyumba au shamba. Na asiye na kazi aliweza kupewa dola 20 kwa juma, kwa muda usiozidi majuma 52. Hata kufika mwaka 1956 watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamepata masomo au ufundi kwa sheria hiyo.

Lakini ilikuwako kasoro kubwa. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ila utekelezaji wake uliachiwa wakubwa wa kila mahali. Benki nyingi hazikuwakopesha askari weusi, na vyuo vingi viliwafungia mlango. Mwezi wa Februari 1946 Isaac Woodard, sajini mweusi aliyekuwa ametoka jeshini saa chache tu zilizopita, alikuwa akirudi nyumbani kwa basi huko South Carolina, angali amevaa sare. Polisi walimpiga hata akapofuka macho yote mawili. Mkuu wa polisi akashitakiwa, lakini wazee wa baraza, wote Wazungu, wakasema hana hatia.

Truman alipopata habari hizo alichukizwa sana. Tarehe 26 Julai 1948 alitoa amri kwamba katika majeshi ya Marekani watu wote watendewe sawasawa, bila kujali rangi, dini wala asili. Wakubwa wengi wa jeshi hawakuipenda amri hiyo, na ilichukua miaka kadhaa kutimizwa. Woodard hakurudishiwa macho yake. Lakini waliokuja baada yake hawakutengwa tena katika vikosi vya weusi peke yao.

Wahenga walisema, chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kwamba chanda kiulizwe kwanza rangi yake.