Sala ya Kila Siku: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mkristo anayesubiri apate nafasi ndipo asali, hasali. Mchana una kazi na foleni, jioni ina watoto, na usiku ukiingia mwili hauna nguvu tena. Haya nayasema kwa mtu aliyebatizwa, asiye na ugomvi wowote na Mungu, ila wiki nzima inapita hajazungumza naye.

Tenga saa, uishike. Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, na amri ya mfalme ilipotiwa sahihi hakuongeza wala kupunguza. Alifanya kama alivyozoea (Danieli 6:10). Tundu la simba halikumkuta anajifunza kuomba. Petro na Yohana walipanda hekaluni saa tisa kwa sababu ilikuwa saa ya kusali (Matendo 3:1). Didake, maandiko ya mafundisho ya kanisa la mwanzo, yaliagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kwa siku. Wakatoliki wana Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeambiwa asali akijisikia. Mama hanyonyeshi mtoto usiku kwa kuwa amejisikia; anaamka.

Usiguse simu kabla hujasali. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri kwa nia njema, anashika simu azime kengele, anakuta ujumbe wa kundi la ukoo, kisha habari, kisha picha za harusi ya mtu asiyemjua. Akija kushtuka ni saa kumi na mbili na maji ya kuoga hajabandika. Anamwambia Mungu maneno mawili huku akifunga vifungo vya shati. Nunua saa ya mezani, simu ilale sebuleni. Kama Biblia yako imo ndani ya simu, tafuta ya karatasi.

Sali na watu wote wa nyumbani. Nimesema wote. Nyumba ngapi, wakati wa sala ya jioni, baba, mama na watoto wako sebuleni wanaimba wimbo, na dada wa kazi yuko jikoni anasugua masufuria? Anausikia wimbo kupitia ukutani. Huyo naye ni mtoto wa mtu, na amekabidhiwa kwenu. Mwite aketi kitini, si kwenye kizingiti, na siku nyingine yeye ndiye aongoze.

Usihubirie watu kwa mgongo wa sala. Baba anayefumba macho na kumwomba Bwana amguse binti anayerudi nyumbani usiku, binti mwenyewe akiwa amekaa palepale, hasemi na Bwana. Una neno na mwanao? Mwambie ana kwa ana baada ya amina. Na kwenye jumuiya usilete ndoa ya jirani kwa jina la ombi maalumu. Aliyekueleza shida yake hakukutuma uitangaze. Mwombee chumbani kwako, mlango ukiwa umefungwa (Mathayo 6:6).

Fupisha. Dakika kumi za kila siku zina faida kuliko mkesha mmoja wa mwisho wa mwezi unaotaka kufidia siku zote ulizoruka. Mkesha ni mwema, ila si wa kulipia madeni.

Gawaneni zamu. Agosti 1727, huko Herrnhut, Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24 waliagana kugawana saa za siku ili maombi yasikatike. Zamu hizo ziliendelea zaidi ya miaka 100, na ni kanisa hilohilo, la Moravian, lililoleta wamisionari Rungwe mwaka 1891. Tazama walivyofanya: kila mmoja alibeba saa yake tu. Jumuiya yenye familia kumi inaweza kugawana siku za wiki, na mgonjwa wa mtaani kwao asikose mtu wa kumtaja mbele za Mungu hata siku moja.

Usinunue maombi. Kuwekewa mikono hakuna bei. Petro alimkemea Simoni aliyeleta fedha (Matendo 8). Anayekuambia ombi lako halitajibiwa mpaka utoe kiasi fulani, ondoka kwake na usirudi.

Usiache dawa kwa sababu umeombewa. Iwe ni ARV, vidonge vya presha au sindano za kisukari, endelea. Kama umepona, vipimo vya hospitali vitaonyesha na daktari ndiye atakayekuambia uache. Paulo alikuwa mtu wa maombi, na bado alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake (1 Timotheo 5:23) na alisafiri na Luka tabibu. Tumezika watu kwa ajili ya jambo hili. Mchungaji asiyelisema madhabahuni anakosa.

Patana kwanza. Mume anayemdharau mkewe anaambiwa wazi kwamba maombi yake yanazuiliwa (1 Petro 3:7). Mwombe radhi, ndipo upige magoti.

Ukikosa siku, usijiadhibu kwa kuomba saa tatu kesho yake. Utachoka na kuacha kabisa. Rudi kwenye saa yako ileile, na dakika zako zilezile.