Dondoo muhimu: Usinaswe na programu ya mkopo

Kitufe kikubwa cha "Kubali" na maandishi madogo ya riba havikupangwa hivyo kwa bahati mbaya. Huo ni mtego, na aliyeutega anapaswa kuwajibika. Ukikopa kwa simu nchini Kenya:

• Tazama jumla utakayolipa na tarehe ya mwisho, si kiasi utakachopewa tu.
• Programu ikitaka kusoma namba zote ulizohifadhi, kataa.
• Hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Kanuni za benki hiyo za 2022 zinamkataza kuwasumbua jamaa zako ili akuaibishe.
• Piga picha ya skrini kila hatua.
• Data zako zikitumiwa vibaya, lalamika kwa Kamishna wa Kulinda Data. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuruhusu kuondoa wakati wowote ridhaa uliyotoa ya data zako kutumiwa.