PEPMIS Haihesabu Madawati Matupu

Nikiwa TP mkoani Geita, nilimkuta mwalimu wangu mlezi juu ya jiwe nyuma ya ofisi, simu kainyanyua. "Natafuta mtandao, mwanangu, nijaze PEPMIS."

Wenzangu wa ualimu, mfumo huu unatusubiri. Mwaka wa fedha 2023/24 ulichukua nafasi ya OPRAS, ile ya fomu za karatasi iliyoanza 2004. Mwalimu anaingiza majukumu yake, anaripoti utekelezaji, mkuu wa shule anathibitisha, alama zinatoka. Kusema kweli ni afadhali. Fomu za OPRAS wengi walizijaza kwa mkupuo ili mradi faili lijae.

Ila asubuhi ile, Kidato cha Pili, safu nzima ya nyuma ilikuwa tupu. Vijana wako machimboni, wanabeba mawe ya dhahabu. Madam alijaza kwamba vipindi vyote vimefundishwa, na ni kweli, nilikuwepo. Matokeo yakija mabaya, atakayetakiwa kujieleza ni yeye.

Nikamuuliza, "Madam, utoro unaujaza wapi?"

Akanionyesha daftari la mahudhurio. "Humu. Ila hili halipandi kwenye mfumo."